Vitundu Ambavyo Mungu Hakuviweka

Ijumaa iliyopita mlinipa keki ya kuniaga, mkapiga makofi, mkapiga picha, halafu mkaniomba niandike kumbukumbu za kazi kwa ajili ya vijana wanaoingia. Mmoja wenu, sitamtaja, akaniambia kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa: "Mukecuru, andika tu kidogo, vile utaweza." Bon. Mukecuru, bibi kizee wenu, ameweza. Nilisoma miaka minne tu, upande wa Masisi, chini ya mwalimu aliyependa pombe kuliko chaki, lakini herufi alitufundisha zote na hakuna hata moja iliyonitoroka. Mishahara na vyeo siandiki. Mishahara ilikuwa midogo, na vyeo vilikuwa vya wengine.

Kabla ya kuja maabara nilikuwa navunja mawe ya volkano kando ya barabara, kwa nyundo, nikiyafanya kokoto za watu wanaojenga. Na kabla ya hapo nilibeba viazi kichwani kupitia Petite Barrière, kivuko cha mpakani, kwenda Goma, mpaka shingo ikawa fupi. Kwa hiyo waliponiambia kwamba hapa Gisenyi kuna nyumba ambamo watu wazima wenye diploma wanakaa siku nzima kuangalia mawe, nilicheka hadi nikaangusha nyundo. Jiwe mimi nililijua: ni kitu cha kuvunja. Nikaenda kuomba kazi ya kufagia, ili niwaone wajinga hao kwa macho yangu.

Wewe uliyeingia juzi na bado unajifanya umeelewa, kazi yenyewe ni hii. Chini ya milima yetu kuna maji ya moto. Wanaotaka kufanya umeme kwa mvuke wake wanatoboa ardhi kwa bomba na kutoa jiwe refu la mviringo, ambalo wenye Kifaransa chao waliliita karoti, na sisi tukaliacha liitwe hivyo. Sasa, maji hayo hayakai chini kama kwenye pipa. Yanakaa ndani ya jiwe lenyewe, kwenye vitundu, kama chai ndani ya andazi ulilolichovya. Jiwe lenye vitundu vingi linabeba maji mengi. Jiwe lisilo na vitundu ni jiwe tu. Vitundu hivyo ni vidogo, jicho haliviwezi. Tunakata kipande, tunakikausha, tunakitia kwenye chombo tunachokinyonya hewa yote, tunamimina gundi ya bluu, nayo inaingia kila tundu na kuganda. Halafu tunakibandika kwenye kioo na kukisaga mpaka kiwe chembamba kuliko unywele, mwanga upite. Darubini inapiga picha, picha inaingia kwenye kompyuta, kompyuta inahesabu bluu. Bluu ni tundu. Kisicho bluu ni jiwe. Ni hayo tu. Kuna watu wameyasomea miaka saba.

Aliyenipokea ni Mzee Anaclet, fundi wa kukata na kusaga, aliyekuwa migodini Kongo tangu hajaota ndevu. Siku yangu ya kwanza alinionyesha sahani tatu za chuma za kusagia, akaniambia nizioshe, akatoka. Hakuniambia kwamba kila sahani ina poda yake: ya kwanza ni kali kama mchanga, ya mwisho ni laini kama unga wa mtoto mchanga. Nikachukua kitambaa kimoja, nikaziosha zote tatu, zikang'aa. Nikasimama pembeni kungoja sifa.

Aliporudi aliweka kioo kwenye sahani ya mwisho, akasukuma mara moja, kikalia *kwaruu*. Akasimama.

"Mama, nani ameosha hapa?"

"Mi hapa, Mzee. Angalia vile inang'aa."

"Na vitambaa ngapi?"

"Moja. Mi si mutu wa kuharibu vitambaa."

Akainua kioo kwenye mwanga. Jiwe lilikuwa na mkwaruzo toka upande hadi upande, kama shavu la mlevi. "Chembe moja ya poda ya kwanza imelala kwa sahani ya mwisho," akasema. "Siku tatu ya kazi, kwisha. We umeosha maabara sawa vile mutu anaosha sufuria."

"Basi nifukuze."

"Nikikufukuza, nani ataosha tena? Kesho kuja na vitambaa tatu. Na ufunge kinywa."

Kinywa sikukifunga, lakini vitambaa nilileta. Baada ya miezi michache alinipa kioo cha kwanza cha kusaga mwenyewe. Nilivunja kumi na moja kabla ya kufaulu kimoja. Alikuwa akivipanga dirishani, kila kimoja na tarehe yake, ili kila anayepita aone. Huyo ndiye mtu aliyenifundisha, na sijawahi kuona mkarimu kama yeye.

Jambo la kwanza kunifundisha lilikuwa kulamba. Jiwe kavu lenye vitundu linavuta ulimi, linaung'ang'ania kama mtoto anayeachishwa ziwa. Lisilo navyo linateleza. La pili lilikuwa kusikiliza: kioo kinene kinanguruma, chembamba kinanong'ona. La tatu ni rangi. Unakipeleka kipande chini ya darubini yenye vioo viwili vilivyopishana, na zile chembe angavu zikiwa na unjano, bado ni nene, saga. Zikiwa za kijivu kama asubuhi ya ukungu kilimani kwetu Bugeshi, simama hapo hapo. Ukiongeza msuguo mmoja, huna jiwe tena, una kioo kisafi na visingizio.

Wakati huo kompyuta haikuwapo. Picha ilichapwa kwenye karatasi, tukaweka juu yake plastiki yenye misalaba midogo. Msalaba ukiangukia kwenye bluu, unatupa haragwe jekundu ndani ya kopo. Ukiangukia kwenye jiwe, unatupa jeupe. Baadaye unahesabu maharage. Mzee Anaclet alitaka maharage ya Bugeshi tu, akisema yana sura ya ukweli. Saa za kazi zikiisha, takwimu tulizipika na ndizi.

Kisha akaja Docteur Fidèle, kiongozi wetu mpya, kutoka masomo ya ng'ambo, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye udongo wa volkano! Alikuwa na akili, sisemi hapana. Lakini mikono yake haikuwahi kulowa. Alipenda neno moja: objectif, yaani kipimo kisichotegemea jicho wala ulimi wa mtu. Maharage hayakuwa objectif. Kulamba hakukuwa objectif, tena kulikuwa uchafu, ingawa siku moja nilifungua mlango wa stoo nikamkuta na karoti mkononi na ulimi nje. Nilifunga mlango polepole. Mtu ana haki ya kujifunza faragha.

Yeye ndiye aliyeleta kamera ya darubini na kompyuta. Ilihesabu kwa kufumba na kufumbua kile tulichokihesabu siku mbili, na Mzee Anaclet akaiangalia, akachukua kofia yake, akarudi kwake kufuga mbuzi. Mimi nilibaki. Niliona haraka kwamba kompyuta ni kama yule mwanafunzi anayekariri: umemwambia hesabu bluu, atahesabu bluu. Umpe shati la bluu, atahesabu shati. Siku moja wino wa bluu ulidondoka kwenye kioo, mashine ikatangaza kwamba jiwe limekuwa sifongo, na Docteur alifurahi nusu saa nzima kabla sijapita na kitambaa.

Siku nyingine alitaka picha za ndani ya karoti nzima bila kuikata. Akatutuma kwenye hospitali yenye mashine kubwa ya kupiga picha ndani ya miili. Kijana wa mashine akatoka na fomu.

"Mugonjwa iko wapi?"

"Iko ndani ya gunia," nikasema.

"Jina?"

"Andika Karoti."

"Miaka?"

"Weka mingi."

Akalilaza jiwe kitandani, akalifunika shuka, nasema ukweli mtupu. Picha zilitoka nzuri sana. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walitaka kujua jiwe limepona au vipi.

Sasa nifike kwenye kile ambacho kwa kweli kimenifanya nishike kalamu, maana hayo mengine mngeweza kuyasikia kwa yeyote anayependa kuongea.

Alikuja Espérance. Leo mnamwita Madame na mnasimama akiingia, lakini alipofika alikuwa binti mwembamba wa Cyanzarwe, baba yake mkulima wa viazi, wa kwanza kilimani kwao kukaa mbele ya kompyuta kama kazi. Wadogo zake wawili walikuwa shuleni kwa mgongo wake. Alipewa miezi mitatu ya majaribio: akifaulu anabaki, akishindwa anarudi kwenye jembe, na wadogo zake nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kuambia kompyuta bluu ianzie wapi, maana kuna bluu nzito na bluu iliyopauka, na ukiipanua sana hata kivuli kinakuwa tundu. Kabla ya kuhesabu picha, aliiangalia kwanza. Hilo ndilo lililonifanya nimpende. Sikumwambia. Vijana ukiwasifu wanaacha kufagia.

Msimu huo mvua ilinyesha kama ina deni na sisi. Zikaletwa karoti kutoka kisima cha majaribio, jiwe la majivu ya volkano lililochanganyika na udongo wa mfinyanzi, zimelowa chapachapa. Jiwe la namna hiyo linakaushwa ndani ya kabati letu, linalopuliza joto dogo kama pumzi ya ng'ombe, siku nne, tano. Lakini umeme ulikuwa unakatika kila mara, na kabati likawa baridi kuliko mimi. Docteur akaja, viatu vimefungwa ndani ya mifuko ya plastiki.

"Mama Solange," akasema (Solange ni kifungua mimba wangu), "wageni wa mradi wanafika wiki ijayo. Wanataka kujua kama watoboe kisima kikubwa pale. Kila kitu kiwe tayari. Utaweza?"

Hilo neno, "utaweza," ndilo mtego ulioninasa maisha yangu yote. "Mi? Siku mbili," nikasema.

Nusu ya kila karoti ilibaki kwenye sanduku lake, ya kutumwa ng'ambo kwa uhakiki. Nusu nyingine nilizikata vipande, nikazipeleka nyuma ya jikoni, nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikatandika wavu juu yake na kupanga mawe kwa mstari, kama mtu anavyokausha sambaza, dagaa wa ziwani kwetu. Na kwa kuwa makaa hayapotezwi, pembeni nikaweka mahindi. Mchana mmoja, mawe yakawa makavu. Nilijiona mjanja kuliko wote waliowahi kuzaliwa na mwanamke.

Docteur alikuja kwa harufu.

"Hii ni nini, pembeni ya muhindi?"

"Ni karoti zako, Docteur. Zinaota moto."

"Ah. Bon. Na huu muhindi umeiva?"

Ulikuwa umeiva. Akala, akajipangusa midomo, akaenda.

Nikamimina gundi, nikasaga, vioo vikatoka vizuri ajabu. Espérance akavipiga picha. Bluu! Karibu robo ya jiwe lote ilikuwa bluu. Docteur alikimbia koridoni, na huyo ni mtu ambaye hata mvua haimkimbizi. Wageni wakaja, wakaona, wakapeana mikono, tukala brochette, mishikaki ya mbuzi, na kiongozi wao akasema kisima kikubwa kitaanza kiangazi. Espérance peke yake hakula vizuri. Alikuwa anarudi kuangalia picha.

"Mukecuru," akaniuliza, "hivi vitundu, mbona ni virefu virefu? Vingine niliona ni vya mviringo."

"Jiwe ni kama mutu," nikamjibu. "Kuko warefu, kuko wafupi." Ndivyo nilivyomjibu. Kwa busara.

Wiki tano baadaye barua ikatoka ng'ambo. Walikuwa wamekausha nusu zao polepole, wakasukuma gesi ndani, wakapima. Vitundu havikufika hata sehemu moja ya kumi. Jiwe lile lile, karoti ile ile. Docteur akatuita sote.

"Nani aliambia kompyuta bluu ianzie wapi?"

"Ni mi, Docteur," Espérance akasema. "Lakini sikubadilisha kitu. Angalia, iko pale pale vile ilikuwa kwa kazi zote."

"Donc basi, kompyuta imedanganya."

"Hapana. Bluu iko kwa picha, kila mutu anaiona. Shida iko kwa jiwe."

Docteur akacheka kidogo, kile kicheko cha puani. "Jiwe lilitoka kwa mikono ya Mama Solange. Na Mama Solange hakosei."

Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja mtu ayaseme maneno hayo mbele ya watu. Yalipokuja, yalikuja kumfukuza mtoto wa mtu. Na mimi, kinywa hiki kisichofungwa, siku hiyo kilifungwa. Mtaniuliza kama nilijua. Sikujua. Lakini pia sikutaka kujua, na hiyo ni kazi ngumu, inahitaji nguvu, ukiifanya unarudi nyumbani umechoka.

Espérance akaandikiwa barua: wiki mbili, halafu kwaheri.

Jumamosi nilipanda Bugeshi kwa mdogo wangu Dafroza. Nilimkuta jikoni, mikono imejaa tope, anaziba ukuta.

"Si uliukanda mwezi uliopita?" nikamuuliza.

"Huu wa nyuma ya moto umepasuka tena. Ona ule wa pale: udongo ule ule, siku ile ile, mukono ule ule. Muzima kabisa."

"Kwa nini?"

Dada yangu akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyevaa kofia. "We ndiye wa maabara, unauliza mi? Moto umeukausha haraka. Udongo ukikauka haraka unajikunyata, unapasuka. Hata mutoto anajua."

Nikasogea. Mipasuko ile ilikuwa inazunguka vijiwe vidogo vilivyo ndani ya udongo, inakwenda, inapinda, inakutana, kama vijito. Nilikuwa nimeiona yote. Nilikuwa nimeiona kwa rangi ya bluu. Jiwe langu lilikuwa na udongo ndani, nikaliweka juu ya makaa, likapasuka kila mahali, nikaijaza mipasuko gundi, na kompyuta ikaihesabu kwa utiifu mkubwa. Vitundu vile Mungu hakuviweka. Niliviweka mimi, pamoja na mahindi.

Dafroza alinipa maziwa. Sikuyanywa. Akakasirika, na bado hajasahau.

Jumatatu nilimwita Espérance kwenye chumba cha kusagia, nikafunga mlango, nikamwambia kila kitu. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Mukecuru, ulipika jiwe?"

"Nililikausha."

"Kwa makala ya mbabula?"

"Kwa makala."

"Na ile siku Docteur ananisema mbele ya watu wote, we ulikuwa unakaa pale, unaangalia kucha zako?"

"Sikuwa na hakika."

"Mi nilikuuliza! Nilikuuliza kwa nini vitundu ni virefu, ukanijibu kuko warefu, kuko wafupi! Nimerudia picha mia na kitu, sijalala, nikafikiri macho yangu yameharibika!"

Nikamwambia nitaenda kwa Docteur saa hiyo hiyo. Akanishika mkono, na si kwa upole.

"Hapana. Ukienda na maneno, atasema mukecuru ananionea huruma. Mi sitaki huruma yako. Mi nataka picha."

Hapo ndipo nilipojua kwamba binti huyu atatuzika sote. Kwenye sanduku la zile karoti kilikuwa kimebaki kipande kimoja, urefu wa kiganja, bado kina unyevu wake. Nilikikata katikati, mapacha. Pacha mmoja nikamweka kabatini, siku tano, na umeme ulipokatika nilimfunika kwa sweta yangu. Mwingine nikampeleka mbabula, safari hii bila mahindi, maana sikuwa na hamu. Wote gundi ile ile, chombo kile kile. Nilisaga kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao hata nikiwa bibi harusi. Espérance akawapiga picha bila kugusa bluu ianzie wapi. Wa kabatini: chini ya sehemu moja ya kumi. Wa mbabula: karibu robo. Kwenye picha ile ya pili vijito vya bluu vilizunguka kila chembe, sawasawa na ukuta wa Dafroza.

Tukaenda kwa Docteur. Aliangalia muda mrefu. Mjinga hakuwa, aliona. Akamwomba Espérance atoke kidogo, akageuza kiti chake kunielekea.

"Mama Solange, wageni wanarudi Ijumaa. Nikiwaambia bluu iliwekwa vibaya, ni kosa la kijana mmoja, ameondoka, tunasahihisha, basi. Nikiwaambia maabara inapika mawe kwa mbabula, nani atatuamini tena? Huyu ni kijana, atapata kazi ingine. We uko karibu ya kupumzika. Jina lako iko safi. Liache safi."

Fikirieni! Anataka kunipa jina langu mwenyewe kama zawadi, limefungwa ndani ya ngozi ya mtoto wa watu. Nikamwambia, "Docteur, mi nina wajukuu tisa. Wanasema shuleni kwamba nyogokuru wao anapima mawe. Sitaki siku moja waseme anapima hata watu, nani atupwe." Akasema nitafakari. Nikasema nimetafakari tangu Bugeshi.

Ijumaa wageni walikaa mezani. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mhandisi, aliyerudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Docteur akaanza: kulitokea tatizo dogo la upangaji wa rangi… Nikaingia na sinia ya chai, maana chai hakuna anayeizuia mlangoni. Chini ya vikombe nilikuwa nimetandika zile picha mbili.

"Samahani, mama," yule mhandisi akasema, akiinua kikombe na kuona. "Hizi ni nini?"

"Ni mapacha. Mmoja alikaushwa kabatini, mwingine kwenye makaa. Na mawe yote mliyoyafurahia mara ile yalikaushwa kwenye makaa."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye ninayekata, ninayekausha na ninayesaga. Na ndiye niliyekosea. Binti aliyeandikiwa barua hakugusa kitu."

Yule mama akaziweka picha mbili kando kwa kando. Hakuongea haraka. Watu wanaojua kazi hawaongei haraka. "Hapa maabara, kuna mtu mwingine aliyejua mawe yako jikoni?"

Nilimwangalia Docteur. Docteur aliangalia viatu vyake.

"Docteur alikuwapo," nikasema. "Alikuwa anakula muhindi."

Yule mama akauliza, bila hata kutabasamu, "Mmoja?"

"Miwili."

Aliyekaa pembeni yake alitema chai. Na hapa niseme haki, kwa sababu nimemsema sana mtu huyu: Docteur Fidèle angeweza kukana. Neno langu na neno lake, mkiyaweka mezani, yangeaminiwa yake. Akavua miwani. "Ni kweli," akasema. "Niliyaona juu ya moto. Sikuuliza, kwa sababu nilitaka yakauke." Kisha akamwita Espérance, akaiomba ile barua, akaipasua vipande vinne mbele ya wote. Vipande viwili vilidondoka kwenye chai yangu, nikavitoa kwa kijiko.

Kisima kikubwa hakikutobolewa pale. Yule mhandisi alisema ni afadhali kujua juu ya meza kuliko kujua chini ya ardhi. Docteur hakuongea nami wiki sita. Alikuwa ananiandikia karatasi ndogo, "Mama Solange, vioo vitatu, asante," na mimi namjibu nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Espérance naye hakunisamehe siku hiyo, wala mwezi huo. Kila nilipompelekea kipande alikuwa ananiuliza mbele ya watu, kwa sauti ya wazi: "Kimekauka wapi?" Namjibu: "Kabatini." "Siku ngapi?" "Tano." Ndipo anakipokea. Nilijibu hivyo miaka miwili, bila kununa, maana alikuwa na haki. Halafu siku moja alikipokea bila kuuliza. Nikaenda kukaa peke yangu chumba cha kusagia.

Yeye ndiye aliyeandika zile sheria zilizobandikwa ukutani juu ya kabati. Nyingi ni za kawaida, mtu yeyote angeziandika. Ya nane inasema: *Ni marufuku kukausha jiwe juu ya mbabula.* Kila anayeingia kazini anasoma kimya mpaka afike hapo, kisha anacheka. Wiki yangu ya mwisho alikuwa yule binti mpya, mwenye diploma mbili.

"Madame," akamwambia Espérance, "mujinga gani alipikaka jiwe?"

Espérance hajawahi kunitaja hata siku moja. Aliendelea kuangalia picha zake, mgongo umenyooka, akiniachia mimi niseme au nisiseme.

"Mi hapa," nikasema. "Na we utafanya ya kwako. Siku hiyo useme mapema, kabla mutu mwingine hajaandikiwa barua."